Ithembo, Misheni na Katiba: Historia ya Dini na Serikali Kitui na Makueni

Uhusiano wa dini na serikali nchini Kenya huelezwa mara nyingi kwa kurejelea Nairobi, ambako maaskofu hutoa matamko na mawaziri huyajibu, au kwa kurejelea pwani, ambako suala la mahakama za kadhi lina mizizi ya karne nyingi. Kaunti za Kitui na Makueni, ambazo katika sensa ya mwaka 2019 zilihesabiwa kuwa na watu 1,136,187 na 987,653 mtawalia, hazitajwi sana katika mjadala huo, ilhali ndani ya mipaka yake karibu kila namna ya uhusiano huo imewahi kujaribiwa: utawala wa wazee ambao ulikuwa pia utawala wa ibada, misheni iliyogharimiwa na wakuu wa kampuni iliyotawala nchi, manabii waliohamishwa kwa amri ya serikali, makanisa yaliyoendesha shule kwa ruzuku ya dola, na hatimaye Katiba inayotamka kwamba taifa halina dini rasmi. Ukifuatwa mfululizo wa matukio hayo, hubainika kwamba swali lililowasumbua watu wa Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambamo kaunti hizo zimo, halikuwa tu kama dini na serikali zitenganishwe au ziunganishwe. Swali zito zaidi lilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kuwa imani hii ni dini na ile ni uhalifu, na kama anayeamua hulazimika kwanza kumsikiliza mwenye imani hiyo.

Baraza lililokuwa pia la ibada

Kabla ya ukoloni, Wakamba hawakuwa na mfalme wala dola moja iliyowatawala wote. Maisha ya hadhara yaliendeshwa katika utui, yaani kijiji au mtaa wa familia kadhaa zenye malisho na viwanja vya pamoja, na mashauri ya utui yaliamuliwa na nzama, ambalo ni baraza la wazee walioingia humo kwa kupanda daraja moja baada ya jingine na kutoa mbuzi au ng'ombe kila walipopanda. Katika daraja la juu kabisa walikuwamo atumia ma ithembo, wazee wa ithembo, na ithembo ni mahali patakatifu pa kutolea sadaka, kwa kawaida kichaka kilichohifadhiwa au kivuli cha mti mkubwa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukata. Mvua ilipokawia, au maradhi yalipozidi, wazee hao, wakiwamo wanawake wazee waliokuwa na nafasi yao maalumu katika ibada, walikwenda ithembo kumwomba Mulungu, ambaye pia aliitwa Ngai au Mumbi, yaani Muumba, na kuwakumbuka aimu, ambazo ni roho za waliokufa zilizoaminiwa kuendelea kuijali jamii yao.

Katika mpango huo haikuwezekana kuonyesha mahali ambapo serikali iliishia na dini ikaanza, kwa sababu mzee aliyeamua kesi ya shamba leo ndiye aliyeweza kusimamia sadaka ya mvua kesho. Hata ushahidi mahakamani ulisimama juu ya imani. Kesi iliposhindikana kuamuliwa kwa mashahidi, wahusika waliapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoapwa juu ya kifaa kilichoaminiwa kuwa na nguvu ya kumuua mwapaji wa uongo au kuwaua jamaa zake katika muda uliowekwa. Kwa uhalifu mkubwa zaidi, hasa uuaji wa kurudiarudia na uchawi uliosadikiwa kuwa umethibitishwa, palikuwa na king'ole, hukumu ya kifo iliyotekelezwa na jamii kwa pamoja baada ya jamaa wa karibu wa mhukumiwa kutoa idhini, ili pasiwe na mtu mmoja wa kudaiwa damu wala ukoo wa kulipiza kisasi.

Mpango huo haupaswi kupambwa kuliko ulivyokuwa. Mwanamke mzee aliyeshukiwa na majirani hakuwa na mahali pengine pa kukata rufaa, kwa kuwa baraza lililomhukumu ndilo lililodai pia kuifahamu siri ya ulimwengu usioonekana, na pale ambapo mamlaka ya kuhukumu na mamlaka ya kutafsiri mapenzi ya mizimu yamo mikononi mwa watu wale wale, mnyonge hubaki bila mtetezi. Hata hivyo mamlaka hayo yalikuwa na kizuizi chake: wazee waliishi pamoja na waliowahukumu, wakaona njaa pamoja nao ukame ulipokuja, na hawakuweza kutoa hukumu kubwa bila ridhaa ya koo.

Mgeni wa Kivoi na misheni ya kampuni

Mmisionari wa kwanza wa Kikristo kufika Kitui alifika akiwa mgeni asiye na mamlaka yoyote. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza na aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui mwaka 1849 chini ya ulinzi wa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe za ndovu, na akiwa huko, tarehe 3 Desemba, aliuona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851 kutafuta mahali pa kujenga kituo, Kivoi aliuawa katika shambulio karibu na mto Tana, na Krapf, akiwa amempoteza mwenyeji wake, alilazimika kurudi pwani kwa taabu kubwa. Mwaka 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko katika Kikamba ilikuwa imechapwa Ujerumani, lakini kituo cha Ukambani hakikuwapo, kwa sababu mhubiri asiye na dola nyuma yake alihitaji ruhusa ya wenyeji, na ruhusa hiyo ilikufa pamoja na aliyeitoa.

Hali ilibadilika kabisa katika muongo wa 1890. Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ili ifanye biashara na kutawala eneo ambalo leo ni Kenya, iliongozwa na Sir William Mackinnon, Mskoti mcha Mungu ambaye pamoja na wakurugenzi wenzake walitoa fedha zao kuanzisha East African Scottish Mission. Mwaka 1891 Dakta James Stewart, aliyekuwa amepata sifa katika shule ya Lovedale nchini Afrika Kusini, alichagua Kibwezi, katika Makueni ya leo, kuwa makao ya misheni hiyo. Kwa hiyo watu wa Kibwezi waliletewa kanisa, shule na dawa na mikono ile ile iliyoleta bunduki, mikataba na karani wa kampuni, na haingekuwa haki kuwalaumu kwa kushindwa kuona tofauti. Homa ya malaria iliua wamisionari kadhaa, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu.

Katika miaka hiyo misheni nyingine nazo zilikuwa zikiingia. Walutheri wa Ujerumani, ambao kazi yao ilichukuliwa baadaye na Misheni ya Leipzig, walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, mwaka 1891, na kingine Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1899. Africa Inland Mission, iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott kutoka Marekani, ilijenga kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni, mwezi Desemba 1895, miezi michache tu baada ya serikali ya Uingereza kuichukua nchi kutoka kwa kampuni na kuitangaza kuwa himaya yake. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini misheni yake ilienea hadi ikawa kanisa kubwa kuliko mengine katika sehemu nyingi za Ukambani. Vilevile, njaa kubwa ya mwishoni mwa karne hiyo, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliwasukuma watu wengi kwenye milango ya vituo hivyo kutafuta chakula, na kwa baadhi yao njia ya kanisani ilianza kwa njia ya kwenye ghala.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifichua jinsi misheni zilivyotegemea dola. Uingereza na Ujerumani zilipoanza kupigana mwaka 1914, wamisionari wa Kilutheri waliondolewa katika vituo vyao kwa kuwa walikuwa raia wa adui, na Mulango ikakabidhiwa Africa Inland Mission. Waumini wa Mulango hawakuulizwa kama walitaka kubadili madhehebu. Serikali iliamua, na kanisa la kijiji likabadilika.

Si kila imani iliyofika kwa njia ya reli ilifungamana na utawala kwa kiasi hicho. Huko Makindu, mji wa Makueni uliokua kutokana na ujenzi wa Reli ya Uganda, Masingasinga waliofanya kazi katika reli hiyo walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa barabara kuu ya Mombasa, awe wa dini yoyote, hupewa humo chakula bila malipo kama imani yao inavyoagiza. Waislamu nao walikuwa na misikiti yao katika mji wa Kitui na katika miji ya reli, wakiendeleza uhusiano na pwani uliokuwapo tangu enzi za misafara. Jamii hizo zilikuwa ndogo, lakini zilithibitisha mapema kwamba Ukambani halikuwa eneo la dini moja, na kwamba utawala wowote wa haki ungelazimika kuwatambua watu wa imani nyingi.

Manabii mbele ya mkuu wa wilaya

Serikali ya kikoloni ilidai kutoingilia dini, na katika maandishi yake ilitofautisha dini, ambayo kwake ilimaanisha hasa Ukristo na Uislamu, na mila, ambazo ziliruhusiwa mradi zisikiuke kile ilichokiita haki na maadili mema. Maafisa kama Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Kitui na aliyechapisha historia ya wilaya hiyo mwaka 1913, walichunguza sheria za wazee kwa makini, na kithitu kikaendelea kutumiwa katika mabaraza ya wenyeji kwa kuwa kilisaidia kumaliza kesi. Lakini wazee wa nzama walinyang'anywa neno la mwisho, kwani machifu walioteuliwa na serikali ndio waliokusanya kodi ya nyumba na kutafuta vibarua, hata kama hawakuwa na cheo chochote katika ithembo. Kwa namna hiyo utawala na ibada vilitenganishwa Ukambani kwa mara ya kwanza, bila mwenyeji yeyote kuombwa maoni.

Watu walijibu kwa lugha ya dini. Mwaka 1911 lilizuka vuguvugu la ngoma za kupagawa na roho lililoongozwa na mwanamke aliyeitwa Siotune wa Kathuke na kijana Kiamba wa Mutuavio, na wafuasi wao wakaacha kuwatii machifu. Serikali ililiona jambo hilo kuwa wazimu wa umati na uasi kwa wakati mmoja, ikawahamisha viongozi wote wawili kutoka Ukambani. Mwaka 1922, katika vilima vya Kilungu ambavyo sasa vimo Makueni, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba amepokea ujumbe kutoka kwa Mungu na kwamba utawala wa Wazungu ungefikia mwisho, naye pia akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Katika matukio hayo hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua wala kuiba. Kosa lilikuwa ni kunena kwa jina la Mungu jambo ambalo serikali haikutaka linenwe, na hukumu ilitolewa na ofisa yule yule aliyekuwa mlalamikaji.

Mgongano mkali zaidi ulikuwa juu ya uchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1909 na kuandikwa upya mwaka 1925, iliwaadhibu waliojidai kuwa wachawi na pia waliowataja wengine kuwa wachawi, na kwa macho ya mahakama king'ole hakikuwa hukumu ya baraza bali mauaji ya kawaida. Mwaka 1932 wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo jijini Nairobi kwa kumuua mwanamke waliyesadiki kuwa ni mchawi, kesi iliyozua mjadala hadi Uingereza, na adhabu hiyo ikabadilishwa baadaye kuwa kifungo. Watuhumiwa walidai kwamba walitimiza wajibu wa jamii. Mahakama ilishikilia kwamba mwanamke ameuawa bila hatia kisheria. Katika hilo mahakama ilisimama upande ulio sahihi, kwa sababu uhai wa mtu hauwezi kuachwa mikononi mwa tuhuma isiyoweza kupimwa. Lakini serikali hiyo hiyo ilijikanusha yenyewe katikati ya miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotokana na vita vya Mau Mau, pale ambapo katika wilaya ya Machakos, iliyokuwa bado ikijumuisha Makueni, maafisa waliwatumia waganga wa kienyeji kuendesha kampeni ya kuwatakasa walioshukiwa kuwa wachawi. Jambo lililokuwa ushirikina lilipomsaidia Mkamba likawa mbinu halali ya utawala lilipoisaidia serikali.

Kanisa mikononi mwa Waafrika, shule mikononi mwa dola

Shule ndizo zilizounganisha misheni na serikali kwa undani zaidi. Misheni zilitoa walimu na majengo, serikali ikatoa ruzuku na mitaala, na mzazi wa Kikamba aliyetaka mwanawe asome alilazimika kumpeleka mahali ambapo angebatizwa pia. Africa Inland Mission, iliyotanguliza uinjilisti, ilionekana na waumini wengi kusitasita kupanua elimu na kuwapa Waafrika uongozi. Tarehe 8 Aprili 1945, Wakristo wa Kikamba wakiongozwa na Simeon Mulandi walianzisha African Brotherhood Church, kanisa ambalo makao yake yaliwekwa Mitaboni, Machakos, na ambalo chini ya Askofu Nathan Ngala lilienea Ukambani kote pamoja na shule zake. Wale waliotoka hawakuikataa Injili. Walikataa dhana kwamba ili Injili iwe halali ni lazima ihubiriwe chini ya usimamizi wa mgeni.

Mwanazuoni aliyelipa jambo hilo msingi wa kitaaluma alizaliwa Mulango mwaka 1931. John Mbiti, aliyekuja kuwa kasisi wa Kianglikana na profesa Makerere, alieleza katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 kwamba dini za Kiafrika ni mifumo kamili ya imani inayomjua Mungu, si masalia ya ujinga yanayongojea kufutwa, na kwamba kwa Mwafrika dini imeenea katika maisha yote kiasi kwamba haiwezi kuwekwa kando kama shughuli ya siku moja ya juma. Alipofariki mwaka 2019 alikuwa amekwisha kulitafsiri Agano Jipya lote katika Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Maana ya hoja yake kwa uhusiano wa dini na serikali ni nzito: ikiwa ibada ya ithembo nayo ni dini, basi mkuu wa wilaya aliyewahamisha manabii hakuwa akituliza wazimu, bali alikuwa akiadhibu imani.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde ilipendekeza shule ziwe za umma zinazowahudumia watoto wa dini zote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikazihamishia shule za misheni mikononi mwa serikali, huku makanisa yakibaki na nafasi ya udhamini, yaani haki ya kushauri juu ya malezi ya kiroho na kuwakilishwa katika kamati na bodi za shule. Mpango huo bado upo kupitia Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na umekuwa chanzo cha manufaa na mivutano kwa pamoja, hasa pale ambapo mdhamini anataka kauli juu ya uteuzi wa mwalimu mkuu au pale ambapo mwanafunzi wa imani nyingine anatakiwa kuhudhuria ibada isiyo yake. Katika afya, Kanisa Katoliki, ambalo lilipata jimbo la Kitui mwaka 1963 chini ya Askofu William Dunne, liliendesha hospitali kama za Muthale na Mutomo katika maeneo ambayo huduma za serikali zilikuwa mbali. Kwa mkulima wa Kitui, kanisa halikuwa tu mahali pa sala. Lilikuwa pia zahanati, na katika miaka ya ukame lilikuwa ghala la chakula na mshirika katika kuchimba visima na kujenga mabwawa.

Mlolongo na utii

Huduma hizo ziliyapa makanisa sauti, na sauti hiyo ilijaribiwa wakati wa Rais Daniel arap Moi, ambaye mwenyewe alikuwa muumini wa Africa Inland Church, kanisa lililotokana na misheni ya Nzaui na lililojitegemea mwaka 1971 chini ya Askofu Wellington Mulwa. Mwaka 1986 chama cha KANU kilipoamua kwamba katika mchujo wa wagombea wapiga kura wapange mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, utaratibu uliojulikana kama mlolongo, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilipinga kwa kuwa mchungaji anayehudumia watu wa pande zote hangeweza kujitangaza hadharani kuwa wa upande mmoja. Africa Inland Church ilijiondoa katika baraza hilo mwaka huo huo. Uamuzi huo uligusa moja kwa moja Kitui na Makueni, ambako kanisa hilo lina mizizi mirefu, kwani muumini wa Africa Inland Church na jirani yake wa Kianglikana walijikuta katika makanisa yaliyotofautiana hadharani juu ya wajibu wa Mkristo mbele ya serikali.

Waliojiondoa walikuwa na hoja ya kitheolojia, kwa kuwa sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi inawataka waumini kuitii mamlaka iliyowekwa. Lakini historia ya Ukambani yenyewe ilikuwa imeonyesha udhaifu wa hoja hiyo ikichukuliwa peke yake, kwa sababu mamlaka iliyowahamisha manabii ilikuwa pia mamlaka iliyowekwa. Viongozi wengine wa dini walichagua kukemea. Raphael Ndingi mwana'a Nzeki, aliyekuwa askofu wa Machakos kuanzia mwaka 1969, wakati jimbo hilo likijumuisha Makueni, kabla ya kuhamishiwa Nakuru mwaka 1971, alipata umaarufu wa kitaifa kwa kulaani ghasia za kikabila za mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuitaka serikali iwajibike.

Mwishoni mwa muongo huo dini ziliungana kwa namna isiyokuwa imeonekana. Serikali ilipochelewesha marekebisho ya Katiba, Wakristo, Waislamu na Wahindu walianzisha pamoja mpango wa Ufungamano, uliopewa jina la jumba la Nairobi walikokutania, na kuunda tume ya wananchi ambayo mwaka 2001 iliunganishwa na tume rasmi ya marekebisho ya Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai. Miongoni mwa wanaharakati wa kiraia waliopigania mabadiliko hayo alikuwa Kivutha Kibwana, mhadhiri wa sheria ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa kwanza wa Makueni.

Mpaka uliopigiwa kura

Muungano huo haukudumu hadi mwisho. Rasimu ya Katiba ilipofika katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga kwa sababu ya kifungu kinachohusu utoaji mimba na kwa sababu ilizihifadhi mahakama za kadhi, ambazo huamua masuala ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Waislamu walikumbusha kwamba mahakama hizo zilihakikishwa katika makubaliano ya mwaka 1963, Sultani wa Zanzibar alipoachilia ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya. Waziri wa Sheria wakati huo alikuwa Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni katika Makueni, na kwa wadhifa wake aliitetea rasimu ambayo wahubiri wengi wa eneo lake waliikataa madhabahuni. Takriban asilimia 67 ya wapiga kura nchini waliikubali.

Katiba hiyo inatambua katika utangulizi wake ukuu wa Mungu, kisha katika Kifungu cha 8 inatamka kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na katika Kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, ikikataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama kukuza njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki wala kwenda kinyume na haki na maadili, jambo ambalo linawarudishia wazee wa Ukambani nafasi waliyonyimwa, lakini kwa sharti ambalo wazee wa king'ole hawakuwa nalo. Tofauti kati ya mpaka huu wa dini na serikali na ule wa mwaka 1911 haimo katika maneno tu. Mpaka wa kikoloni ulichorwa na maafisa wasiochaguliwa na mtu. Huu ulijadiliwa kwa miaka mingi, ukapingwa waziwazi madhabahuni bila yeyote kuhamishwa, kisha ukapigiwa kura na wale watakaoishi nao.

Mtihani wa sasa

Uhuru huo haujaondoa mashauri magumu. Katika sehemu za Mwingi, kaskazini mwa Kitui, na katika eneo jirani la Tharaka, wapo wafuasi wa dhehebu la Kavonokya ambao hukataa matibabu ya hospitali na chanjo kwa kuwa huamini kwamba sala pekee inatosha, na mara kadhaa maafisa wa afya na wa utawala wameingilia kati ili watoto wao wachanjwe. Katiba inamlinda mtu mzima anayeikataa dawa kwa ajili ya nafsi yake, lakini Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki yake mwenyewe ya kupata huduma ya afya na kinaagiza maslahi yake yawe ya kwanza. Kumlinda mtoto huyo si kuitesa dini ya wazazi wake. Ni kutambua kwamba mtoto hajawahi kuulizwa imani yake, kama vile mwanamke aliyeshukiwa uchawi hakuwahi kupewa pa kujitetea.

Mwaka 2023 maiti za watu zaidi ya 400 zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, baada ya waumini kuhimizwa kufunga hadi kufa, taifa zima lililazimika kuuliza upya mpaka uko wapi. Rais William Ruto aliunda jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa NCCK, ambalo lilikabidhi ripoti yake Julai 2024, na miswada ya kusimamia mashirika ya dini ikaanza kujadiliwa. Makanisa mengi yalihofia kwamba serikali ingejipa mamlaka ya kutoa leseni kwa imani, hofu iliyokwisha kuzuia kanuni kama hizo mwaka 2016. Wakati huo huo baadhi ya makanisa yamejitazama yenyewe: mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alizuia wanasiasa kuhutubia ibadani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza kurejeshwa kwa michango ya fedha iliyotolewa na wanasiasa kanisani. Hatua hizo zina uzito Kitui na Makueni, ambako harambee za Jumapili na mazishi ya vijijini vimekuwa majukwaa ya kisiasa kwa muda mrefu, kwa sababu kiongozi wa dini aliyejengewa kanisa na mwanasiasa hawezi kumkemea mwanasiasa huyo mbele ya waumini waliokalia viti alivyovinunua.

Historia ya kaunti hizi mbili inatoa kipimo cha sheria yoyote itakayopitishwa. Sheria inayoadhibu kitendo kinachodhuru, kama vile kumnyima mtoto chakula au dawa, kumwua anayeshukiwa uchawi au kuwaibia waumini, na inayomfikisha mtuhumiwa mbele ya mahakama huru, itakuwa imefanya kile ambacho nzama na ukoloni vyote vilishindwa kukifanya. Sheria inayomwezesha ofisa kuamua peke yake kuwa mahubiri fulani si dini itakuwa imewarudisha Wakenya Kilungu mwaka 1922, hata kama ofisa huyo sasa ni Mkenya na nia yake ni njema. Wajibu wa viongozi wa dini wa Ukambani, kuanzia jimbo la Kitui hadi jimbo jipya la Kikatoliki la Wote lililoundwa mwaka 2023, na kuanzia Africa Inland Church hadi misikiti na wazee wa ithembo waliosalia, ni kushiriki katika uandishi wa sheria hiyo wakiwa wametoa mikono yao mfukoni mwa serikali, kwa kuwa anayekula mezani pa mtawala hawezi kuaminiwa kumtetea anayeteswa na mtawala huyo.